Karata mpya za taroti zionekane zimechangwa miaka mingi: nifanyeje?

"Fundi, habari za kazi. Tunatengeneza filamu fupi hapa Mombasa. Mzee mmoja, baharia mstaafu, anatoa karata za taroti, zile za picha ambazo wengi huzipigia ramli, alizonunua Marseille, Ufaransa, mwaka 1958. Tukio lenyewe ni la 1974. Nimeagiza pakiti mpya ya Rider-Waite, inang'aa mno. Nililoweka karata kumi kwenye chai ya rangi usiku kucha. Asubuhi nikakuta rangi imeshika kingoni tu, na zote zimejipinda. Mmoja ananiambia nizichome kingo kwa mshumaa, mwingine nizipake mafuta ya kupikia nizianike juani. Tunaanza kupiga picha wiki mbili zijazo na karata tatu zitaonekana kwa karibu sana. Nimekosea wapi, na nifanyeje?"

Wiki mbili zinakutosha, na zile kumi zilizojipinda usizitupe, kwa sababu ndizo zitakazokuwa za majaribio. Ulipokosea ni kuanza na rangi. Karata huzeeshwa na mikono: kuchangwa, kupindwa, kugongwagongwa mezani ili zilingane, kushikwa na vidole vyenye jasho na majivu ya sigara. Ule ukahawia unaouona kwenye karata kuukuu ni uchafu ulioingia pale ambapo mikono ilikwisha kuufungulia njia. Ukipaka rangi kabla ya kuchakaza, rangi haina pa kuingilia. Ukichakaza kwanza, utashangaa jinsi rangi kidogo inavyotosha.

Karata za leo huchapwa kwenye karatasi nene, mara nyingi ya gramu 300 hadi 350 kwa mita ya mraba, kisha hufunikwa utando. Utando huo ni wa aina mbili. Kuna vanishi ya maji, ambayo ni nyembamba na husuguliwa ikatoka. Kuna na laminesheni, yaani karatasi ya plastiki iliyogandishwa juu, na hiyo haitoki kwa heshima: ukiisugua inageuka ukungu mweupe, halafu inaanza kuchunika vipande vipande. Kwa vyovyote vile chai haipenyi usoni. Hupita kingoni tu, kwenye kidonda cha kisu cha kiwandani, ambako nyuzi za karatasi ziko wazi. Nyuzi zikinywa maji hunenepa. Kingo zikatanuka na katikati pakabaki pakavu, na zilipokauka kila sehemu ikanywea kwa kipimo chake. Kujipinda kwako kumetoka hapo.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, jua utando wako ni wa aina gani. Pakiti nyingi huja na karata moja au mbili za ziada zisizo miongoni mwa zile 78 za taroti, chukua moja. Kwaruza pembe kwa ncha ya wembe kisha jaribu kuinua kwa ukucha. Ikinyanyuka ngozi nyororo inayovutika, hiyo ni plastiki. Ikitoka ungaunga, ni vanishi. Kisha ikate karata hiyo katikati utazame unene wake, kwani karata nyingi zina tabaka la gundi nyeusi au ya kijivu katikati ili mwanga usipenye. Ukisugua pembe sana mstari huo utajitokeza, na kamera ya karibu itauona.

Sasa kuhusu hadithi yenyewe, maana hapa pana tatizo kubwa kuliko chai. Karata za Rider-Waite zilitoka London mwaka 1909, michoro ikiwa ya Pamela Colman Smith. Baharia aliyeingia duka la Marseille mwaka 1958 yamkini angeuziwa Taroti ya Marseille, ile ya michoro ya mistari minene na rangi chache bapa, ambayo kampuni ya Grimaud ilikuwa ikiichapa tangu 1930. Mwulize pia mwelekezi wako: mzee huyu anapiga ramli au anacheza? Wafaransa hadi leo wanacheza mchezo wa taroti kwa karata 78, lakini pakiti ya kuchezea ni nyingine kabisa. Ina kopa, uru, shupaza na pau kama karata zetu za kawaida, na picha za maisha ya kila siku kwenye zile za turufu. Na kama mtang'ang'ania Rider-Waite, tazama ukingo mweupe wa kila karata kwa lenzi ya kukuza. Baadhi ya matoleo ya kampuni ya Marekani ya U.S. Games Systems yana mstari mdogo wa hakimiliki wenye mwaka 1971. Mstari huo ukionekana kwenye skrini kubwa, hadithi ya 1958 imekwisha.

Jambo jingine la hadithi ni kipimo cha uchakavu. Karata za mzee zina miaka 16, si 200. Zimechangwa sana, zimekaa kwenye hewa ya chumvi na joto la pwani, lakini hazikufukuliwa kaburini. Watu wengi huzidisha hapa. Wanatengeneza ramani ya maharamia, na mtazamaji anatambua mara moja kwamba huo ni utengenezaji.

Ndiyo maana mshumaa uuache. Hakuna karata inayozeeka kwa kuungua kingo zote nne sawasawa, na plastiki ikishika moto hutoa moshi mbaya na kuacha vidonge vyeusi. Mafuta ya kupikia yataifanya karatasi iangaze upande wa pili kama karatasi ya kufungia maandazi, hayatakauka, na baada ya siku chache yatanuka. Jua nalo hupunguza rangi, lakini rangi isiyofaa: wino wa njano na wa waridi ndio hufa kwanza, ukabaki ule wa buluu, kama unavyoona kwenye matangazo yaliyokaa dirishani dukani. Karata ya mzee ilikaa ndani ya boksi lake. Rangi zake zinatakiwa ziwe bado na nguvu, ila zimekwaruzwa. Wapo pia wanaoshauri joko. Utando hulainika kwa joto na karata zikagandana, usijaribu.

Tuje kwenye kazi. Nachukulia utando wako ni wa vanishi.

Anza kwa kulegeza. Karata mpya ukiipinda hurudi kwa mlio. Kuukuu huinama na kukaa kimya, kwa sababu kila inapopindwa viungo vidogo kati ya nyuzi hukatika. Chukua karata kumi au kumi na mbili kwa pamoja, zilaze juu ya chupa ya soda, zipinde taratibu kuifuata chupa, uso ndani kisha uso nje, mara ishirini au thelathini kila upande. Zipinde kwa urefu na kwa upana. Usizikunje. Mkunjo mkali ni wa karata mbili tatu tu katika pakiti nzima, zile ambazo mtu alizikalia au aliziangusha, na ni bora usiwe kwenye zile tatu za karibu isipokuwa mwelekezi ametaka. Wino na vanishi vitaanza kupasuka kwa mistari myembamba sana; hiyo ndiyo dalili kwamba hatua hii imekamilika.

Kisha kingo na pembe, ambako nakushauri utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Mtu anayechanga karata kwa kuzimwaga kutoka mkono mmoja hadi mwingine huzishika kwenye kingo ndefu, na hapo ndipo zinapolika kwanza. Halafu pembe, hasa zile mbili za chini anazozishika anapofunua. Zibane karata zote kati ya mbao mbili, kingo zikichomoza kama milimita tatu, kwa jiriwa au klampu. Sugua kwa msasa wa maji namba 400 ukiwa mkavu, mipigo michache tu, kwa mkono unaotikisika kidogo ili usichonge mstari ulionyooka. Hiyo inaondoa ule ukali wa kisu. Zifungue, kisha zishike moja moja: pembe ya kwanza isugue kwenye ubao mkavu kwa mwendo wa duara, ya pili ifinye kati ya kucha mpaka tabaka zianze kuachana na kuchanua kidogo, ya tatu iguse tu, ya nne iache. Kwa karata inayofuata badilisha mpangilio. Pembe nne zilizolingana ni kazi ya mashine, na pembe za kiwandani tayari zina mviringo mzuri mno. Lengo lako ni kuuharibu mviringo huo. Ile gundi nyeusi ya katikati ikichungulia, iguse kwa ncha ya brashi yenye rangi ya kahawia, itapotea.

Uso wa karata usugue kwa msasa namba 600, au sufi ya chuma laini kabisa yenye alama 0000 kutoka kwa wauza vifaa vya useremala. Ile stiliwaya ya kusugulia sufuria ni kali mno. Nenda kwa upole, zaidi katikati na karibu na kingo, mpaka mng'ao ufe. Usifuate pande za picha. Mikono haijui picha iko wapi. Mgongo husuguliwa zaidi kuliko uso, kwa kuwa ndio unaokaa juu mezani. Na hapa pana mtego ambao wengi hawaujui: ukitumia sufi ya chuma kisha ukaja na chai, vipande vidogo vya chuma vilivyobaki hukutana na tanini ya chai na kutoa madoa meusi. Ni kemia ileile iliyotengenezea wino wa kale. Kwa hiyo futa kila karata kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, pitisha sumaku juu yake, au tumia msasa tu ulale usingizi. Kazi hii fanyia nje ukiwa na barakoa, kwa kuwa vumbi la vanishi si la kuvuta.

Mstari wa hakimiliki, kama upo, ondoa sasa. Shika wembe mpya ukiwa umesimama wima, kwaruza kwa mipigo mifupi ya upande mmoja mpaka herufi zitoke, kisha lainisha kwa kucha. Patabaki doa jeupe lililoparara, ambalo uchafu wa baadaye utalifunika.

Ndipo sasa chai inapata nafasi yake. Vijiko viwili vya chai vilivyojaa majani kwenye mililita 150 za maji, chemsha dakika kumi, chuja, acha ipoe kabisa. Sukari usitie, wala maziwa: pwani sukari itakuletea sisimizi na maziwa yatakuletea kuvu. Chovya sponji, ikamue mpaka idhaniwe ni kavu, kisha pitisha kwenye kingo za pakiti ikiwa imebanwa. Baadaye pitisha haraka usoni na mgongoni mwa kila karata. Pande zote mbili zipate unyevu sawa, la sivyo karata itapindia upande mkavu. Weupe wa karatasi ya leo una kemikali za kung'arisha zinazoufanya uelekee buluu mbele ya kamera; mpito mmoja wa chai unauvunja na kuupeleka kwenye rangi ya krimu. Ukitaka zaidi, rudia baada ya kukauka, usiongeze maji.

Kukausha ndiko kulikokuangusha. Zipange karata kati ya karatasi nyeupe zisizo na chapa (gazeti litaacha wino), weka ubao juu, na juu ya ubao jerikeni ya lita kumi iliyojaa maji. Badilisha karatasi baada ya nusu saa, kisha baada ya saa mbili, halafu ziache siku nzima. Msimu wa mvua ziache siku mbili. Zile kumi zako ulizoharibu nazo zifute kwa sponji pande zote, ziweke chini ya jerikeni hiyohiyo, nyingi zitanyooka.

Uchafu wa mkono ni wa mwisho. Saga mkaa, uchuje kwa soksi ya nailoni. Kwaruza pasteli (chaki laini ya kuchorea) ya kahawia kwa wembe upate unga, changanya sehemu moja ya mkaa kwa tatu za pasteli. Bana pakiti kwa mkono, pakaza unga huo kingoni kwa kitambaa, zaidi katikati ya kingo ndefu ambako kidole gumba hukaa. Pepea karata, kung'uta, futa kilichozidi. Zile nyufa za kulegeza zitashika unga na kujitokeza zenyewe. Kama unataka doa la maji au la kikombe, kumbuka kwamba unyevu hupita kutoka karata moja kwenda ya chini yake: doa kubwa kwenye ya juu, dogo kwenye ya pili, kivuli tu kwenye ya tatu. Doa likikauka, changa karata; hizo tatu zitapotelea katikati ya pakiti, jinsi inavyotakiwa kuwa.

Baada ya hapo mpe mwigizaji pakiti nzima aishi nayo mpaka siku ya kupiga picha. Azichange akiwa anasubiri matatu, azichange akiongea na simu. Mikono yake itamalizia usichoweza kumalizia wewe, na yeye atajua kuzishika kama mtu aliyezishika miaka 16. Zikianza kunata, nyunyiza poda ya mtoto kidogo sana, kisha futa.

Sasa nikupe maoni yangu ya kweli kuhusu njia nyingine. Kama mwelekezi ataamua kufuata historia, kuchapa pakiti yenu wenyewe ni bora kuliko kupigana na utando wa kiwandani. Taroti za Marseille za karne ya 18, kama ile ya Nicolas Conver ya 1760, zimeshapita muda wa hakimiliki, na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa imeweka picha za karata za kale mtandaoni. Soma masharti ya kutumia picha hizo kabla hujapakua. Chapa kwenye karatasi isiyo na utando ya gramu 150, uso kwenye karatasi moja na mgongo kwenye nyingine, kisha ziunganishe kwa uji wa ngano, unga kipimo kimoja kwa maji matano, uliopikwa mpaka ukaiva na kuchujwa. Karata za zamani zilitengenezwa hivyohivyo, kwa karatasi zilizogandishwa, ndiyo maana pembe zake huchanua vizuri. Kwa ukubwa wa milimita 70 kwa 120, karatasi moja ya A3 inatoa karata kumi zenye nafasi ya kukatia, kwa hiyo karatasi nane za nyuso na nane za migongo zinatosha pakiti nzima na mbili za akiba. Hakikisha nyuzi za karatasi zote mbili zinaelekea upande mmoja (karatasi hupinda kwa urahisi zaidi ikifuata nyuzi zake), la sivyo zitajipinda tena. Acha zilale chini ya uzito usiku kucha, kata zikiwa kavu kabisa.

Ubaya wake ni gharama, na hatari ya wino. Printa ya wino wa maji itachuruzika mara sponji ya chai inapogusa. Printa ya leza haichuruziki, lakini wino wake ni unga ulioyeyushwa juu ya karatasi, hivyo ukikunja hupasuka na kuacha mstari mweupe. Gusa mstari huo kwa pasteli. Msichape karata tatu za karibu peke yake na kuzichanganya na pakiti ya dukani. Migongo haitafanana, na mtazamaji ambaye hajui lolote kuhusu taroti ataona kwamba karata tatu ni ngeni. Zile tatu tengenezeni mbili mbili, kwani moja itamwagikiwa na kitu siku ya kwanza. Zipigeni picha zote pande zote mbili kabla ya kuanza, ili mkirudia tukio mjue doa lilikuwa pembe gani.

Kama jaribio la wembe limeonyesha plastiki, usihangaike na asetoni wala thina kuibandua. Hushika moto haraka, mvuke wake unaumiza kichwa chumbani, na huenda ukaondoka na wino wote. Nenda kwa mpiga chapa ukiwa na karata moja mkononi, umwombe karatasi ya uzito huo isiyo na utando, ya kuchapia pakiti yenu. Kumwonyesha kitu chenyewe kutakuokoa maneno mengi.

Na ikitokea mtu kukukopesheni pakiti halisi ya zamani ili muigize, msiiguse kwa msasa, chai wala poda. Hata gundi ya kubandika pembe msiitie. Ikiwa ina kuvu, ifungeni kwenye mfuko wa karatasi, isikae pamoja na karata nyingine, mkatafute ushauri wa mtu wa uhifadhi wa karatasi kwenye makumbusho au nyaraka za taifa akiwa ameiona kwa macho yake. Mnachoweza kufanya wenyewe ni kuipiga picha kwa mwanga wa pembeni, ule unaoonyesha mikwaruzo, na kuitumia kama kielelezo cha kuchakaza ile mpya.